Kurasa mia tatu za sherehe, aya moja ya kukimbia

Ndugu zetu wa Sop Sop, wa Tororo mjini, wa Busia zote mbili, na nyinyi kaka na dada mnaofanya kazi na mashirika: leo tunaandika juu ya kitabu kilichotuudhi.

Kitabu kinahusu Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, na miaka yao ya fujo. Jina la kitabu hatulitaji, wala la mwandishi, kwa sababu ubaya wake si wa mtu mmoja. Vitabu vya namna hii ni vingi na vinafanana kama mapacha. Hiki kilitufikia jalada limeshatoka, kikapita mikono saba ya kikundi chetu, na kila aliyekirudisha alikirudisha na lalamiko lake. Mmoja alisema ni kama kumsikiliza mlevi akikuhadithia ulevi wake. Mwingine akauliza: "Huyu Freddie Mercury si mtoto wa Zanzibar? Sasa mbona Zanzibar haionekani?"

Swali hilo la pili ndilo lililotukalisha chini tuandike.

Tusikionee kitabu. Sherehe kinazijua. Hoteli kinazijua, vinywaji kinavijua, nani alilala wapi kinajua. Sura ndefu kuliko zote ni ya usiku wa tarehe 31 Oktoba 1978, mjini New Orleans, Marekani, Queen walipofanya karamu ya kutoa albamu yao iitwayo Jazz. Karamu hiyo ilikuwepo kweli, na ilikuwa kubwa kweli. Lakini imesimuliwa mara nyingi mno, kila msimulizi akiongeza chumvi, hadi imekuwa vigumu kujua lipi lilitokea na lipi lilitungwa. Mwandishi wetu haulizi. Anaokota kila uvumi, anaupiga pasi, anauweka kwenye ukurasa kama ukweli. Kurasa hamsini za hivyo utacheka. Zikifika mia unapiga miayo.

Tulipofika katikati tukaanza kuhesabu. Kurasa za kitabu zinapita mia tatu. Karamu ya New Orleans imepewa kurasa kumi na nne. Zanzibar imepewa aya moja, na ndani ya aya hiyo mapinduzi, vifo na safari ya familia nzima vimebanwa kwenye sentensi inayosema kwamba familia "ilihamia" Uingereza. Ati ilihamia! Kama mtu anayebadilisha nyumba ya kupanga kwa sababu paa linavuja.

Sisi hapa tunajua tofauti ya kuhama na kukimbia. Anayehama hufunga mizigo. Anayekimbia hubeba kilicho karibu na mlango. Basi tuandike wenyewe yale ambayo kitabu kiliyaruka.

Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi, watu wa dini ya Zoroasta ambao wameishi India kwa karne nyingi. Kwa masimulizi yao wenyewe, wahenga wao walikimbia kutoka Uajemi ili waishike dini yao. Kwa hiyo huyu mtoto alizaliwa ndani ya watu ambao hadithi yao ya kwanza ni hadithi ya wakimbizi. Baba yake alikuwa mtunza fedha wa mahakama chini ya serikali ya Waingereza. Mtoto alipofika miaka kama minane akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Huko ndiko walikomwita Freddie, na huko ndiko alikopiga piano katika bendi yake ya kwanza, The Hectics, bendi ya watoto wa shule. Mwaka 1963 akarudi Unguja, kijana wa miaka 16.

Alikuta kisiwa kinachemka. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti kikapata vichache kuliko wapinzani wake waliokuwa wameungana. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963, Sultani Jamshid bin Abdullah akiwa mkuu wa nchi. Siku 33 tu baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, yakatokea mapinduzi. Hatutaki kuyasimulia kwa jicho moja. Waafrika wengi wa visiwani walikuwa wamewekwa chini kwa miaka mingi, na hasira yao ilikuwa na sababu. Pia ni kweli kwamba watu waliuawa kwa maelfu, idadi inabishaniwa mpaka leo, wengi wao Waarabu, na Wahindi nao waliporwa na kuuawa. Sultani mwenyewe alikimbia, akaishia Uingereza, akakaa Portsmouth miaka mingi. Familia ya Bulsara nayo ikaondoka mwaka huo huo, ikafikia Feltham, magharibi mwa London.

Freddie alikuwa na miaka 17. Nusu ya kikundi chetu walivuka mpaka wakiwa na umri huo au chini yake.

Sasa kuna jambo ambalo mtu wa Uganda angelitafuta kwenye kitabu hiki na asilione kabisa. Aliyejitangaza kuwa kiongozi wa wapiganaji wa mapinduzi yale, aliyekuwa akitisha watu redioni na kujiita Field Marshal, hakuwa Mzanzibari. Alikuwa John Okello, mzaliwa wa Lango, kaskazini mwa Uganda. Alitoka kwao kijana maskini, akatafuta vibarua Uganda na Kenya, kazi za mikono kama uashi, akafungwa jela Kenya, halafu mwaka 1959 akafika Pemba. Wanahistoria wanabishana mpaka leo juu ya ukubwa wa mchango wake. Mapinduzi yalipokwisha, Rais Karume hakumtaka, na Machi 1964 akazuiwa kurudi Zanzibar. Aliandika kitabu chake mwenyewe, kikatolewa Nairobi mwaka 1967. Baada ya 1971, Idi Amin akiwa madarakani, hakuonekana tena.

Angalia ramani uone. Tororo ni njia panda ya reli: tawi moja linakwenda Kampala, jingine linapanda Mbale, Soroti na Lira, na upande wa mashariki unaingia Malaba na Kenya. Watu wa kaskazini waliokwenda Kenya kutafuta kazi wamepita kona hii ya nchi kwa vizazi. Kijana mmoja wa Lango alitoka kwao kutafuta kibarua, akafika baharini, akawa sehemu ya tukio lililomtoa kijana mwingine Unguja na kumfikisha London. Hao wawili pengine hawakuonana hata siku moja. Lakini bila wa kwanza, au bila tukio lile, Queen tunayoijua haipo. Kwetu sisi hiyo ndiyo miaka ya fujo. Ya hotelini ilikuja baadaye.

Jambo la pili lililorukwa ni karatasi. Kaka na dada wa mashirika, hili mtalielewa haraka.

Mwaka 1964 Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ulikuwepo, lakini ulifungwa na tarehe: ulimhusu mtu aliyekimbia kwa sababu ya mambo yaliyotokea kabla ya tarehe 1 Januari 1951. Aliyekimbia mapinduzi ya 1964 hakuwemo. Kikwazo hicho kiliondolewa na Itifaki ya 1967, na Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaja 1969. Familia ya Bulsara iliingia Uingereza kwa sababu nyingine: uhusiano wa baba na utawala wa Kiingereza, na pasipoti iliyotokana na uhusiano huo. Karatasi ndiyo iliyowavusha. Jirani wa mtaa ule ule asiyekuwa na karatasi hiyo hakuwa na Feltham ya kukimbilia.

Na mlango wenyewe haukukaa wazi. Machi 1968, Wahindi wa Kenya walipokuwa wanaingia Uingereza kwa wingi, bunge la huko lilipitisha sheria kwa siku chache tu. Ikasema pasipoti ya Uingereza haitoshi kama wewe, mzazi wako au babu yako hamkuzaliwa kule. Mwezi uliofuata, tarehe 20 Aprili 1968, mwanasiasa Enoch Powell akatoa hotuba yake maarufu mjini Birmingham ya kupinga wahamiaji. Halafu hapa Uganda, Agosti 1972, Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke. Wengine walisafirishwa kwa treni kwenda Mombasa kupanda meli, na reli ya kutoka Kampala kwenda Mombasa inapita hapa hapa Tororo. Uingereza ilipokea watu karibu 28,000.

Kwa hiyo fikiria: familia ile ingechelewa miaka minne tu, ingekuta mlango umefungwa nusu. Kitabu kizima kinasimama juu ya mlango uliokuwa wazi mwaka 1964, lakini mlango wenyewe hakiutaji. Kinasema kipaji, kinasema bahati, kinasema nyota. Hapa kwetu tuna vijana wenye sauti nzuri kuliko redio. Tunajua kipaji bila karatasi kinafika wapi.

La tatu ni kazi. Kijana Freddie alipofika Feltham hakwenda moja kwa moja jukwaani. Alibeba mizigo ya wasafiri kiwanja cha ndege cha Heathrow. Aliosha vyombo. Alisoma kwenye chuo cha Isleworth, kisha akaingia chuo cha sanaa cha Ealing kusomea uchoraji wa matangazo, akamaliza 1969. Baada ya hapo yeye na mpiga ngoma Roger Taylor walikuwa na kibanda cha nguo kuukuu soko la Kensington. Ndiyo, mitumba! Watu wa Busia, mmesikia? Mwandishi anataja kibanda hicho kama kichekesho. Kwetu ile ni sura nzima.

Queen ilianza 1970 na Freddie, Brian May na Taylor. John Deacon akajiunga 1971, na safu ikakamilika. Albamu ya kwanza, iliyotoka 1973, walirekodi kwenye studio ya Trident saa ambazo hakuna mteja mwenye pesa, mara nyingi usiku wa manane, kwa sababu hawakuwa na chao. Mwaka 1975 walipotengeneza Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika sita, walipanga sauti juu ya sauti mpaka utepe wa kurekodia ukaanza kuchakaa. Waliambiwa ni mrefu mno kwa redio. Ukakaa nambari moja Uingereza wiki tisa.

Kitabu kinakupa picha ya watu walioamka saa nane mchana, wakalewa, na nyimbo zikajitunga. Hatari ya picha hiyo ni kubwa kwa msomaji wa miaka 16. Anaona ulevi, anadhani ndio mbegu. Kumbe ulevi ulikuja baada ya mavuno, na kwa baadhi yao ulikula hata mavuno yenyewe.

La nne lilituuma zaidi, kwa sababu linatuhusu Waafrika. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, Bophuthatswana, katika mojawapo ya "nchi" za bandia zilizotengenezwa na makaburu wa Afrika Kusini. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeomba wasanii wa dunia wasiende. Wao walikwenda. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawatoza faini, na jina lao likaingia kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya waliovunja mgomo. Walijitetea kwamba wao si wanasiasa. Mtu aliyezaliwa Afrika, ambaye familia yake iliondolewa na siasa, alisimama na bendi inayosema siasa haiwahusu. Hapo pana swali kubwa la kibinadamu. Kitabu kinapita juu yake kama bodaboda juu ya shimo: kinaruka, kinaendelea. Ukurasa unaofuata ni karamu.

Miezi tisa baadaye, tarehe 13 Julai 1985, bendi hiyo hiyo ilipanda jukwaani Wembley kwenye Live Aid, tamasha la kuchangia waliokuwa wanakufa kwa njaa Ethiopia. Walipewa dakika kama ishirini. Walikuwa wamefanya mazoezi ya dhati kwa ajili ya dakika hizo, na siku ile waliwafunika wote. Mwandishi anaeleza vizuri suruali ya Freddie. Ethiopia anaitaja mara moja. Watu waliotembea siku nyingi wakitafuta kambi, ambao kwa ajili yao jukwaa lile lilijengwa, hawamo. Wako nyuma ya pazia la hadithi ya mtu mwingine.

Kuna msomaji atasema: jamani, kitabu cha roki ni cha burudani, mnataka kiwe ripoti ya UNHCR? Hapana. Tunapenda burudani. Tunataka burudani yenye mizizi, na tunajua inawezekana, kwa sababu bendi zilizopita mipaka yetu zina hadithi tamu kuliko New Orleans.

Chukua Samba Mapangala. Ni Mkongomani, mzaliwa wa Matadi. Miaka ya katikati ya 1970 alikuwa Kampala na bendi ya Les Kinois, Amin akiwa madarakani. Mwaka 1977 wakahamia Nairobi, mwaka ule ule ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika. Miaka ya mwanzo ya 1980 akaunda Orchestra Virunga, na muziki wake ukachezwa kuanzia Kisumu hadi Mwanza. Au chukua Super Mazembe: walianzia Lubumbashi mwaka 1967 kwa jina la Super Vox, wakapita Zambia, wakapita Tanzania, wakafika Nairobi 1974. Wimbo wao wa Kasongo ndio ule vijana wa Kenya walioufufua mwaka 2024 wakamtania nao rais wao. Wanamuziki hao walibeba magitaa kupitia mipaka mitatu, wakajifunza Kiswahili cha mahali, wakahangaika na vibali vya kazi, wakakosana wakagawanyika bendi mbili, tatu. Sherehe zilikuwepo pia, tena za kutosha! Lakini ukimhoji mzee aliyewajua, ataanza na safari. Sherehe atakuambia mwishoni, akicheka.

Sasa tufike kwenu, ndugu wa mashirika. Hatuwalaumu. Tunaomba tu msikilize.

Kila mwaka tunaombwa "hadithi ya mafanikio". Picha moja, aya moja, tabasamu. Alikimbia vita, akapewa cherehani, sasa ana duka. Au tunaombwa kinyume chake: hadithi ya mateso, machozi yaonekane. Baada ya kusoma kitabu cha Queen tulijiuliza tofauti iko wapi. Mwandishi yule alichukua maisha ya mtu, akabakiza sehemu inayouzika. Ripoti nayo hubakiza sehemu inayofadhilika. Kote kuwili kinachokatwa ni kile kile: tarehe, njia, karatasi, kazi ya kila siku, na uamuzi ambao mtu mwenyewe alifanya, ukiwemo ule asiojivunia.

Mfano uko karibu. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, maelfu ya Wakenya walivuka Busia na Malaba kuingia Uganda. Wengi waliwekwa Mulanda, humu humu wilayani Tororo, na mwaka 2008 wakahamishiwa Kiryandongo. Waliokuwa watoto wa miaka mitatu wakati ule sasa wamepita ishirini. Ukiwauliza, wengi wanajua walifika Kiryandongo. Mulanda wanaijua kama jina tu. Nani aliwapikia uji? Nani wa hapa aliwapa shamba la kulima msimu mmoja? Lori liliondoka saa ngapi? Wenye majibu bado wako hai vijijini, lakini wanazeeka. Wakiondoka, kitabu kitasema familia "zilihamia" Kiryandongo.

Freddie Mercury alifariki London tarehe 24 Novemba 1991, siku moja baada ya kutangaza kwamba ana UKIMWI. Kwao alikozaliwa, kumbukumbu yake bado inavutwa huku na huku. Mwaka 2006 watu wa utalii walipotaka kusherehekea miaka 60 tangu azaliwe, kikundi cha dini cha Uamsho kilipinga, kikisema maisha yake hayaendani na maadili ya visiwani. Mwaka 2019 yakafunguliwa makumbusho yake Shangani, Mji Mkongwe. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kuhojiwa sana juu ya Zanzibar. Mwandishi wetu anaita hilo "siri", kwa sauti ya mtu aliyegundua wizi. Sisi tunasema hivi: mtu akichoka kueleza anatoka wapi, kila siku, kwa kila mgeni, si lazima awe anaficha kitu.

Kwa hiyo kikundi kimekubaliana. Tumefungua daftari. Kila mwanachama atamhoji mzee mmoja, wa kwao au mwenyeji wa hapa Padhola aliyepokea wageni, na ataandika mambo matano kabla ya kuandika kingine chochote: ulitoka wapi na tarehe gani, ulipita njia gani, ulikuwa na karatasi ipi, ulifanya kazi gani mwaka wa kwanza, na nani alikufungulia mlango. Jina la mtu tutaliweka tu akikubali. Nyimbo, harusi, mapenzi na vituko vinakaribishwa sana baada ya hapo, kurasa hata kumi na nne kama mnataka.

Kitabu cha Queen bado tunacho. Mwenye kukitaka aseme, tutamwazima. Akifika kwenye ile aya ya Zanzibar, pembeni atakuta tumeandika kwa kalamu tarehe zote zilizokosekana.